Burashi za Kunyolea: Jinsi ya Kujenga Mkusanyiko Ukiwa Kpandroma

Maji ya Kpandroma, huku Djugu katika Ituri, mashariki mwa Kongo, ni baridi. Huku juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, asubuhi haimpi mtu hamu ya kunyoa. Wengi wetu hupaka povu la sabuni ya kufulia kwa vidole, tukashika wembe, tukamaliza upesi. Matokeo tunayaona kanisani Jumapili na darasani Jumatatu: shingo zenye vipele vyeusi, videvu vilivyochubuka, na vijana waliofuga ndevu kwa kukimbia maumivu, wala si kwa kuzipenda. Burashi nzuri ingewafaa wengi wao. Na mtu akishaionja moja iliyo nzuri, hatimaye ataitamani ya pili na ya tatu. Nawaandikia hao walioanza kutamani, ili fedha yao isipotee, na ili mkusanyiko wao uwe wa kutumika. Kila burashi iwe na kazi yake, iwe na mwenyewe mmoja, na ipate muda wa kukauka. Isiyotimiza hayo matatu usiinunue, hata ikiwa inang'aa namna gani.

Tuanze na kazi yenyewe. Ndevu zetu nyingi hujikunja. Ukizikata karibu mno na ngozi, ncha iliyochongoka hugeuka ikachoma ngozi kutoka ndani, na hapo ndipo kipele huzaliwa. Ukivuta ngozi kwa vidole huku ukinyoa kinyume na mwelekeo wa ndevu, unalizidisha tatizo. Burashi huleta maji ya moto hadi kwenye shina la ndevu, huziinua zilizolala, huingiza povu chini yake, na husugua taratibu ngozi iliyokufa. Waliosema mwenzako akinyolewa zako tia maji walijua kunyoa: unywele uliolowa dakika mbili au tatu hukatika kwa urahisi kuliko mkavu, na wembe hauhitaji kukandamizwa. Mwenye vipele tayari achague burashi laini, anyoe kuelekea zinakoota ndevu, na aridhike na kidevu kisicho laini kabisa. Vikitunga usaha, aache wembe aende kituo cha afya.

Kwa sababu ya ulaini huo, na ya kukauka upesi, nasema burashi ya kwanza iwe ya nyuzi za kiwandani. Najua wapenzi wa burashi watanipinga, maana wao huanza na nywele za mnyama, lakini wengi wao hawaishi kwenye mvua na ukungu wa Djugu. Nywele za mnyama hunywa maji, na burashi iliyolowa katika nyumba yenye baridi yaweza kukaa siku nzima na zaidi kabla haijakauka katikati. Nyuzi za kiwandani hazinywi maji. Ukiikung'uta mara chache na kuifuta kwenye taulo, jioni imekauka. Haihitaji kulowekwa wala kuzoeshwa, hutengeneza povu kwa sabuni kidogo, na huvumilia dawa ya kuua vijidudu, jambo nitakalolirudia kwa ajili ya vinyozi. Tafuta yenye shada la nywele la unene wa milimita 22 hadi 24 penye shina, na kimo cha milimita 50 hivi kutoka ukingo wa mpini hadi ncha. Iliyo nene zaidi humeza sabuni bure na kupaka povu hadi puani.

Sokoni kwetu bidhaa nyingi huingia kutoka Uganda kupitia Mahagi, na muuzaji anaweza kukupa burashi ya kufutia nywele shingoni akikuapia kuwa ni ya kunyolea. Usimgombeze, ichunguze tu. Ishike mpini, fungua shada kwa vidole gumba viwili kama unayetafuta chawa kwenye nywele za mtoto, utazame ndani. Ukiona gundi inameta hadi juu, au uwazi katikati kama kiota, irudishe. Sugua ncha kwenye kiganja: zikikuchoma kama ufagio mpya, shavu lako litachomwa vilevile. Kisha vuta taratibu. Nywele mbili tatu kutoka ni jambo la kawaida kwa burashi mpya, ila zikitoka kwa mafungu gundi haikushika. Mwisho, mwombe muuzaji ruhusa uchome unywele mmoja uliotoka. Wa mnyama hunuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalovunjika ukiligusa. Wa kiwandani huyeyuka ukawa kidonge kigumu. Jaribio hilo limeokoa fedha za watu wengi, kwa sababu nyuzi za plastiki huchorwa milia ya rangi zikauzwa kwa bei ya nywele ghali. Pakiti zetu nyingi zimeandikwa Kifaransa, na neno blaireau peke yake ni jina la burashi yoyote ya kunyolea. Utafute maelezo ya nywele zenyewe: soies de porc ni za nguruwe, na pur blaireau ndizo za blaireau mwenyewe, mnyama wa Ulaya na Asia anayefanana kidogo na nyegere wetu.

Burashi ya pili iwe ya nguruwe, kama dini yako haikukatazi. Ni ya bei nafuu, ni ngumu, na kwenye sabuni kavu ya kipande haina mpinzani. Lakini inataka subira. Ikiwa mpya hunuka zizi na huchoma. Ioshe kwa sabuni ya vyombo, iloweke kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu kwa dakika tatu hadi tano kabla ya kila kunyoa, uitengenezee povu, uisuuze, uiache ikauke kabisa, kesho urudie. Baada ya majuma kadhaa ncha za nywele hupasuka mara mbili mara tatu, na mpasuko huo mdogo ndio unaoleta ulaini. Ukiitazama kwa makini juani utaona ncha zimekuwa kama manyoya ya kifaranga ilhali shina bado ni gumu. Hapo burashi imekuwa yako. Wanaoitupa katika juma la kwanza huwa wametupa kitu ambacho kingewatumikia miaka.

Hata hivyo, usimpe burashi hiyo ndugu yako Mwislamu kama zawadi bila kumwambia imetengenezwa kwa nini. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, nguruwe ni najisi pamoja na nywele zake. Burashi ya nyuzi za kiwandani haina swali hilo, na ni heshima kumchagulia mtu kitu ambacho hatalazimika kukiulizia.

Ya tatu, ukiipata, ni ya singa za farasi. Hukatwa mkiani na shingoni bila mnyama kuuawa, na ugumu wake uko katikati ya nguruwe na zile laini kabisa. Ya blaireau ni laini na hushika maji mengi ya moto, jambo tamu sana asubuhi ya baridi. Lakini ni ghali, nywele zake nyingi hutoka China, na namna wanyama hao wanavyofugwa na kuuawa imelaumiwa vikali, hata baadhi ya watengenezaji wa Ulaya wakaziacha. Mimi singeitafuta. Mkusanyiko haupungukiwi kitu kwa kuikosa.

Sasa niseme jambo ambalo kila anayepata wazo la kujitengenezea burashi kwa mkia wa ng'ombe lazima alisikie. Katika vita vya kwanza vya dunia, vya 1914 hadi 1918, askari wa Uingereza na Marekani walianza kuugua kimeta usoni na shingoni. Majeshi yalitaka askari wanyoe, kwa sababu kinyago cha kuzuia gesi ya sumu hakishiki vizuri kwenye ndevu. Burashi zilihitajika kwa wingi na kwa haraka, njia za kawaida za biashara ya nywele zilikuwa zimevurugwa na vita, na viwanda vikatumia singa za farasi zilizotoka Asia bila kusafishwa ipasavyo, nyingine zikitiwa rangi zifanane na blaireau. Vimelea vya kimeta hujifungia ndani ya ganda gumu na kuishi miaka mingi kwenye udongo, ngozi na nywele. Mkwaruzo mdogo wa wembe ulitosha kuvifungulia mlango. Watu walikufa kwa sababu ya kunyoa. Uingereza ilitunga sheria ya kuzuia kimeta mwaka 1919, na mwaka 1920 ikapiga marufuku burashi za kunyolea kutoka Japani.

Usidhani ni habari za kale za nchi za mbali. Aprili 2025, katika hifadhi ya Virunga, kusini mwa Ziwa Edward, viboko wasiopungua 50 walikufa kwa kimeta pamoja na nyati, mizoga ikielea kwenye mto Ishasha. Ugonjwa huo ungali katika ardhi ya mashariki mwa Kongo. Kwa hiyo usikate mkia wa ng'ombe, mbuzi au nguruwe uliyemkuta amekufa. Na usidanganyike kuwa kuchemsha dakika chache jikoni kumemaliza kazi, kwa sababu ganda la kimeta huvumilia kuchemka kwa muda mfupi. Vilevile, ukirithi kwa babu burashi ya zamani yenye singa, uione ni mali, lakini mali hiyo ni mpini. Nywele zake zichomwe nje, mbali na watoto, na wewe ukae upande upepo unakotoka.

Mpini wa nyumbani, nywele za kiwandani: huo ndio mpango ninaoupenda kuliko yote, na ndio utakaoupa mkusanyiko wako sura ya hapa badala ya sura ya duka la ng'ambo. Nunua burashi rahisi yenye nywele nzuri na mpini mbaya, utoe shada lake zima, ulihamishie kwenye mpini uliochongwa na fundi wako. Mipini ya plastiki hukatwa kwa msumeno mdogo chini kidogo ya nywele, kisha plastiki inayobaki hupunguzwa kwa kisu hadi shada likasimama peke yake na kitako chake cha gundi. Mbao hazitukosi: mkaratusi umejaa vilimani kwetu, mvule na mkangazi hutoka msituni. Mti uwe umekauka vya kutosha, la sivyo utapasuka ukishaonja maji ya moto. Fundi atoboe tundu lenye upana unaozidi kitako cha shada kwa milimita moja hivi, na kina cha milimita 10 hadi 12. Kabla ya kutia gundi, simamisha shada ndani ukapime kimo cha nywele kwa rula, maana likizama mno burashi inakuwa ngumu, na likipanda mno linalegea. Tumia gundi ya mirija miwili inayochanganywa, uiache siku nzima. Mwishowe mpini wote, pamoja na ndani ya tundu kabla ya kubandika, upakwe vanishi mikono kadhaa. Maji huingilia chini, penye kitako cha mpini, mahali ambapo mafundi wengi husahau kupaka. Umbo lichague kwa kidole: pawe na kiuno ambapo gumba na shahada vinakaa vyenyewe, ili mpini usiteleze ukiwa na sabuni.

Kama una kaka au dada Kampala, Nairobi, Ubelgiji au Kanada, mwombe burashi moja tu, na umwambie jina kamili. Omega ya Bologna, Italia, iliyoanza 1931, hutengeneza za nguruwe zinazotumiwa na vinyozi wa huko, na namba 10049 ni imara na kubwa; haina gharama ya kumtia mtu deni. Semogue ya Ureno nayo ni nzuri kwa nguruwe. Mühle ya Ujerumani, iliyoanzishwa 1945, ina nyuzi za kiwandani laini ajabu, ila bei inapanda. Majina ya Kiingereza kama Kent, ya tangu 1777, na Simpsons, ya 1919, yana heshima kubwa, na sehemu ya unacholipia ni heshima hiyo. Ningependa zaidi kuona fedha hiyo ikienda kwa fundi wa mbao wa Kpandroma.

Sabuni nayo isikushinde. Ya kufulia ina magadi makali, hukausha ngozi na kuharibu nywele za mnyama. Tumia krimu ya mrija au kijiti cha sabuni ya kunyolea. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati, baada ya mvua ya kwanza kuosha vumbi, hutoa povu zuri kuliko maji yenye chumvichumvi. Yapashe, lakini yasichemke, maana maji ya kuchemka hulegeza gundi. Zungusha burashi juu ya sabuni kwa nusu dakika, uongeze maji matone machache, uzungushe tena kwenye bakuli hadi povu liwe zito na linang'aa. Povu lenye mapovu makubwa lina maji mengi mno na hewa nyingi mno.

Baada ya kunyoa, suuza hadi maji yatoke safi, kamua kwa mkono bila kunyonga, kung'uta, futa kwenye taulo. Isimame mahali penye hewa. Najua kishawishi cha kuiweka kando ya mbabula. Joto hilo hukausha nywele hadi zikatike na hupasua mpini, tena itanuka moshi. Isikae kwenye mfuko wa plastiki ikiwa mbichi. Hapa ndipo idadi inapokuwa na maana: mwenye burashi tatu hupumzisha mbili, na kila moja hurudi kazini ikiwa kavu hadi moyoni. Mara moja kwa mwezi iloweke kwenye maji yenye siki kidogo iondoe utando wa sabuni. Na usiku usiiache mahali panya anapofika. Panya hupenda mabaki ya sabuni, atatafuna nywele. Zone yetu ya afya, Rethy, imepambana na tauni kwa miaka mingi, kwa hiyo hatuna sababu ya kumwandalia panya chakula chumbani. Tundika burashi kwenye uzi, mbali na ukuta.

Kwa vinyozi nina ombi. Burashi moja inayopita kidevu hadi kidevu hubeba mapunye, majipu na vipele. Na pale palipotoka damu, virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kubaki hai juu ya vitu kwa siku saba. Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpox, ambayo nayo huenea kwa kugusana, kuwa dharura ya kimataifa, na kitovu chake kilikuwa nchi yetu. Kampeni za ukimwi zilitufundisha kwenda kwa kinyozi na wembe wetu. Sasa twende na burashi yetu pia. Saloni inaweza kuweka rafu yenye vijumba, kila mteja wa kudumu na burashi yake yenye jina. Kwa wapita njia, paka povu kwa mkono ulionawa, au weka burashi kadhaa za nyuzi za kiwandani na uzisafishe baada ya kila mtu. Tangu Ebola ya 2018 hadi 2020 hakuna mtu wa Ituri asiyejua maji ya klorini. Ondoa kwanza sabuni yote, kwa sababu uchafu huidhoofisha klorini. Ikiwa chupa ya javeli, yaani klorini ya maji, imeandikwa asilimia 5, changanya sehemu 1 na maji sehemu 9, uzamishe burashi dakika 10, usuuze sana. Nyuzi zitachakaa mapema, lakini ni nafuu kuliko ugonjwa. Usijaribu hivyo kwa nguruwe au singa: javeli huyeyusha nywele. Na kamwe usichanganye javeli na siki, hutoa gesi inayoumiza mapafu.

Ngapi zinatosha? Kwa mtu mmoja, tano: mbili za kiwandani, mbili za nguruwe au singa, na moja ya mpini wa fundi wako ambayo unaipenda kuliko zote. Sababu ya kutozidisha tunaijua sote. Tangu mwishoni mwa 2017 familia nyingi za Djugu zimekimbia makwao kwa sababu ya mapigano, nyingine mara kwa mara, zikiondoka na kinachobebeka. Mkusanyiko ambao haubebeki kwa mkono mmoja haufai kwetu. Mpelekee fundi cherehani kipande cha kitenge kizito, akushonee mifuko mitano mirefu iliyo sambamba, yenye kamba ya kufungia. Ukikunja, zote zinaingia kwenye begi pamoja na wembe na kijiti cha sabuni. Kitambaa kinapitisha hewa, kwa hiyo hata iliyo mbichi itafika salama. Ndani tia daftari dogo: kila burashi, tarehe uliyoipata, umeilipia franka, shilingi ya Uganda au dola ngapi, aina ya nywele, vipimo viwili vya rula, na nani aliyechonga mpini. Wakati wa kuuza au kubadilishana na mwenzako, daftari hilo ndilo litakalotetea bei yako.

Burashi ikianza kumwaga nywele kila siku, au ikanuka ukungu hata baada ya siki, imemaliza kazi ya uso. Toa shada, hifadhi mpini usubiri shada jipya. Kama mpini nao umepasuka, ioshe burashi nzima vizuri uikaushe, umpe kinyozi asafishie meno ya mashine yake, au fundi simu wa sokoni afutie vumbi kwenye vifaa vyake.